Tupeane uzoefu: bumu limeingia, benki imeshakata kabla sijaligusa

Mwana Kihesa (mwanzisha mada)
Kamwene wadau. Niko Iringa, nasoma sheria mwaka wa nne. Bumu (hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo) limeingia Alhamisi, 600,000, yaani 10,000 kwa siku 60. Nafika ATM pale Miomboni, salio 585,760. Sijatoa hata mia! Kufungua programu ya benki kwenye simu ndiyo naona: miezi ya likizo nilikuwa nakatwa 2,360 kila mwisho wa mwezi, mara nne, halafu ikashuka 5,900 wameiita "ada ya salio hasi". Nilikuwa nimeacha 1,100 tu. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa 14,240 huku nimekaa zangu nyumbani Mafinga sina habari.

Akaunti ni ya mwanafunzi, siku naifungua niliambiwa haina makato ya mwezi. Dirishani nimejibiwa "ndivyo mfumo ulivyo, dada". Kuna aliyewahi kupigania hela kama hii akaipata? Na msiniambie ni ndogo, hiyo ni kula yangu ya karibu siku moja na nusu.

Fundi wa Iyunga
Pole sana. Mimi yalinikuta mwaka wa nne kama wewe, na ugonjwa ni huo huo: akaunti ya mwanafunzi ina tarehe ya mwisho. Uhandisi ni miaka minne, ila kwenye fomu yangu afisa alijaza mitatu, nadhani kwa mazoea. Miaka mitatu ilipoisha mfumo ukanihamishia akaunti ya kawaida, ya watu wenye mishahara. Hakuna meseji wala simu.

Nilienda dirishani mara mbili kulalamika kwa mdomo, nikatoka mikono mitupu mara zote mbili. Ya tatu nilibadilisha gia. Nikatoa statimenti ya miezi sita kwenye programu (ukiprintiwa tawini wanakutoza, wengi hawajui), nikachapisha stesheneri ya Mwanjelwa, nikapiga kalamu ya njano kila mstari wa makato. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, nikabana na barua ya chuo inayoonyesha mwaka ninaomaliza. Yule wa kaunta aliipokea akaiweka pembeni. Nikamwambia, "Dada, naomba unigongee muhuri na tarehe kwenye hii nakala yangu." Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na mtu mwenye tai.

Wiki tatu baadaye zikarudi, ila si zote. Miezi miwili waligoma, eti nilipaswa kupeleka kitambulisho kipya mwenyewe. Nilichoka, nikawaachia.

Mjomba Chipsi
Mwanasheria mtarajiwa analia dirishani 😂 Haya, natania. Mimi benki ilinishinda kihalali. Niliingiza namba za kadi kwenye huduma ya filamu ya majaribio ya mwezi bure, nikasahau. Mwezi wa pili wakavuta kwa dola. Nimeenda tawini moto, wakanionyesha ruhusa niliyoibonyeza mwenyewe. Nikanywa maji nikaondoka.

Mstaafu wa Kaunta
Nimekaa kaunta miaka mingi nyanda hizi, acha niwasaidie. Watu huchanganya salio hasi na ovadrafti. Ovadrafti ni mkopo: unaomba, unasaini, unapewa kiwango na riba yake. Hii ya binti wa Kihesa siyo. Ni ada iliyokatwa wakati hakuna hela, ikabaki kama deni, pesa ya kwanza kuingia ikamezwa. Mwisho wa mwezi hakuna mtu anayebonyeza chochote, mashine inapita akaunti zote usiku.

Kwa hiyo, binti, ukifika usiulize "kwa nini mmenikata". Watakujibu mfumo. Uliza: "Mkataba wangu wa ovadrafti nimeusaini lini?" Hauna. Kisha omba waitoe fomu yako ya kufungulia akaunti, muangalie pamoja mwaka wa kumaliza. Kosa likiwa la kwao, meneja wa tawi ana njia ya kuomba makato yarudishwe. Hizo 2,360 ni 2,000 na VAT ya asilimia 18 juu yake, na 5,900 ni 5,000 na VAT yake. Dai na hiyo VAT, watu huisahau.

Wakikuzungusha, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa mabenki, na tawi lao lipo Mbeya mjini. Ila watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwenye benki yako kwa maandishi. Ndiyo maana muhuri wa Fundi ni dhahabu.

Mama Tukuyu
Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mimi ni mzazi. Mwaka jana nilimwekea kijana wangu 50,000 ya kodi ya chumba huko Uyole, kwenye akaunti. Akapiga, "Mama, imefika 31,000." Nikamwambia umeinywa. Tukanuniana wiki nzima, baba yake ndiye akawa mpeleka salamu. Kumbe akaunti ilikuwa hasi tangu likizo. Alinitumia picha ya statimenti, nikaisoma kwa miwani ya jirani. Nilimpelekea mkungu wa ndizi, msamaha mwingine sikuuweza. Sasa namtumia kwa simu. Na huko wanakata, lakini naona kinachokatwa.

Mjomba Chipsi
Mama, huyo kijana umuulize tena taratibu 😅

Mama Tukuyu
Wewe nawe! Nimeiona statimenti kwa macho yangu.

Mwana Kihesa
Mrejesho. Nimeenda jana na barua, nakala mbili. Nimeuliza lile swali la Mstaafu, yule kaka akasema "subiri kidogo" na kidogo yenyewe ikawa dakika arobaini. Fomu wameitoa: sehemu ya mwaka wa kumaliza iko wazi kabisa, haikujazwa na mtu, mfumo ukaweka miaka mitatu wenyewe. Meneja ni mama mstaarabu, hakubisha. 5,900 imerudi jana hiyo hiyo jioni. Hiyo 9,440 amesema inasubiri makao makuu, na akaunti wameirudisha ya mwanafunzi hadi Julai.

Nakala yangu ina muhuri, ila tarehe imegongwa juu ya sahihi, haisomeki vizuri. Mstaafu, nirudi wagonge upya?

Mstaafu wa Kaunta
Rudi kesho asubuhi, kabla foleni haijajaa.