Naomba ushauri: wadi yetu iweke lengo gani la kawi jadidifu (ya jua, upepo au maji) bila kupoteza kilima?

EnkangYetu
Hamjambo wenzangu. Niko Kajiado, upande wa kuteremkia Bonde la Ufa. Nimechaguliwa kwenye kamati ya wadi itakayopeleka maoni kuhusu mpango wa kawi wa kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake, kwa hiyo kukaa kimya hakutusaidii. Rasimu tuliyosomewa barazani ina lengo moja tu: megawati 40 kutoka wadi yetu. Nilipouliza zitatoka wapi, nikaonyeshwa mgongo wa kilima: mitambo ya upepo.

Kilima hicho ndicho malisho yetu ya kiangazi. Ukame wa 2022, ng'ombe walipokuwa wakianguka, nilisimama pale juu nikahesabu tumbusi 31 kwenye mzoga mmoja. Kuna mti wa oreteti kwenye mwamba, wazee huuendea kuomba mvua. Upande mwingine, zahanati yetu inaweka chanjo kwenye friji ya gesi, na gesi ikiisha akina mama wanarudishwa nyumbani na watoto wao. Kwa hiyo sipingi stima hata kidogo.

Kuna pia dalali anayezunguka na karatasi za kukodisha ardhi, anataka watu watie sahihi kabla ya mkutano. Tukatae? Tupunguze namba? Mkutano ni Ijumaa ijayo.

Fundi_Stima70
Dada, nimefanya kazi ya umeme miaka mingi kabla ya kustaafu. Kabla hujabishana juu ya hiyo 40, uliza ni ya nani. Wadi yenu ina nyumba ngapi?

EnkangYetu
Kama 3,000 hivi, mzee wangu. Wenye stima sasa hivi hawafiki nusu.

Fundi_Stima70
Basi tupige hesabu hapa hapa. Chukua kila nyumba itumie yuniti 30 kwa mwezi: taa, simu, redio, televisheni ndogo. Nyumba 3,000 kwa mwaka ni yuniti 1,080,000. Zidisha mara mbili ili pampu za visima, shule, zahanati na vinu vya posho viingie. Unapata kama yuniti milioni 2.2. Megawati moja ya sola kwa jua letu hutoa karibu yuniti milioni 1.6 kwa mwaka. Maana yake, mahitaji yenu yote hayafiki megawati moja na nusu.

Na ardhi? Mtambo wa sola wa Garissa ni megawati 50 kwenye hekta 85, yaani kama ekari 4 kwa kila megawati. Nyinyi mngehitaji ekari 6. Hizo zinapatikana kando ya barabara, karibu na laini, bila kugusa kilima. Usiku utahitaji betri au gridi, yaani laini za stima za taifa, hilo ni kweli, na betri zina gharama. Lakini umeona? Zile megawati 40 si lengo la wadi. Ni mchango kwa gridi ya taifa. Haya ni mambo mawili, na rasimu imeyafunga kwenye furushi moja. Yafungueni.

Kinangop_Damu
Mzee amesema. Mimi ni wa Nyandarua. Kwetu uliletwa mradi wa upepo wa megawati 60, mitambo 38, ukavunjika 2016 baada ya maandamano, na damu ilishamwagika. Watu hawakuchukia upepo. Walikuwa wakulima wenye vishamba vidogo, wakasikia habari za ardhi kwa uvumi kabla ya kuzisikia kwa mdomo wa mwenye mradi. Huyo dalali wako ndiye hatari kubwa kuliko mtambo wowote. Mwambie kila mtu: hakuna sahihi mpaka mkutano uishe na wakili ausome mkataba.

Loiyangalani_Moja
Kwetu Marsabit mitambo 365 ya upepo inazunguka, megawati 310. Hati zilikuwa za ekari 150,000, na mahakama huko Meru ikaamua 2021 kwamba hazikupatikana kwa njia ya sheria. Mitambo yenyewe inakalia sehemu ndogo tu ya hizo ekari. Kwa hiyo andikeni kwenye maoni yenu ekari, si megawati peke yake. Megawati 40 zinaweza kukaa kwenye ardhi ndogo, au zikawa kisingizio cha kuchukua wilaya nzima. Na laini kubwa ya stima ilipita juu ya vichwa vyetu kuelekea Suswa, sisi gizani. Hilo linauma mpaka leo.

Mdau_Mufindi
Habari dada, nachangia kutoka Tanzania. Huku Mufindi kuna mradi mdogo wa maji wa Mwenga, megawati 4, unaowasha vijiji vya jirani. Kiangazi mto unapungua, wakaongeza mitambo mitatu ya upepo, jumla megawati 2.4. Upepo unakuja wakati maji yamekwenda. Ndiyo maana sikushauri ukatae upepo moja kwa moja. Mitambo miwili mitatu mahali panapofaa ni kitu kingine kabisa na safu nzima juu ya kilima.

Tumbusi_Juu
Naongoza wageni wa kutazama ndege maeneo hayo. Hao tumbusi 31 uliowahesabu, andika tarehe na mahali, maana ni ushahidi. Tumbusi wa Rüppell na wa mgongo mweupe wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kutoweka, na wanapanda juu kwa upepo ule ule unaoutaka mtambo. Wakiangalia mzoga chini, hawaoni pangaboi mbele yao. Kwenye mradi wa upepo wa Kipeto, hapo hapo Kajiado, mitambo 60, kuna watu wa kuangalia anga mchana kutwa. Tumbusi wakikaribia, mtambo unasimamishwa. Mizoga ya mifugo nayo huondolewa mapema. Inawezekana, lakini lazima iwe sharti tangu mwanzo.

Na barabara, jamani! Watu huangalia mnara wakasahau barabara ya kreni. Ndiyo inayokata mteremko, na mvua ya kwanza korongo linaanza. Muulize mwenye mradi atapitishia wapi lile bawa refu, umwone anavyohangaika na ramani.

EnkangYetu
Asanteni sana, nimesoma hadi usiku. Lakini niwaulize kwa moyo: kama kila wadi ikisema chetu ni ekari 6 tu, taifa litapata wapi stima? Naona kama ubinafsi.

Fundi_Stima70
Swali zuri, binti yangu. Changieni, lakini kwa mpangilio. Kwanza ramani, halafu namba. Wakae wazee, wachungaji wa mifugo na akina mama wanaochota maji, wachore pasipoguswa: oreteti, njia za ng'ombe, mwamba wa tumbusi, vyanzo vya maji. Kinachobaki ndicho kinachopimwa upepo, na namba itoke hapo. Ikitoka 15, ni 15. Na mapaa ya shule na masoko myahesabu kwa sola. Sheria ile ile ya Kawi inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati moja aombe kubadilishana stima na gridi.

EnkangYetu
Basi Jumatano tunakutana chini ya mgunga na karatasi kubwa ya manila. Lengo la kwanza litakuwa nyumba 3,000 na zahanati, kwa yuniti. La pili litaandikwa baada ya ramani. Dalali nimemwambia arudi na mkataba tuusome kwa sauti barazani. Amesema atapiga simu.

Tumbusi_Juu
Jumatano nakuja na darubini. Piga picha za mgongo wa kilima asubuhi na jioni, kutoka mlangoni kwenu na kutoka barabarani. Hizo zipeleke Ijumaa pamoja na ramani.