Hadithi za kubofya na michezo ya mafumbo: je, fedha za vitabu vya darasa la kwanza zinunulie vishikwambi?

Mkutubi wa Morogoro

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu imeigawa kamati ya shule ya mtaani kwetu. Kuna fedha kidogo zilizochangwa, na zinatosha jambo moja tu: kununua vitabu vya hadithi vya karatasi kwa darasa la kwanza na la pili, au kununua vishikwambi vichache vyenye programu za hadithi zinazojisoma kwa sauti pamoja na michezo ya mafumbo ya silabi na namba.

Wanaotaka vishikwambi wanataja jaribio la Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililogharamiwa na Elon Musk, lilipeleka programu za Kiswahili kwa watoto wapatao 2,700 wa vijijini, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule, nao wakajifunza kwa miezi 15 bila mwalimu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa zimeshinda. Mimi nalisoma jaribio hilohilo kwa namna nyingine. Kabla halijaanza, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Lilipokwisha, idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Kwa mtoto asiye na shule hilo ni jambo kubwa sana, lakini waliobaki bila kusoma neno bado walikuwa wengi mno, ingawa kila mtoto alikuwa na kifaa chake na kijiji kilikuwa na kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Shule yetu ina walimu, haina vituo vya kuchajia, na haiwezi kumpa kila mtoto kifaa. Kwa nini basi tuache vitabu?

Nawauliza na wazazi pia, maana siku hizi mtoto akilia hupewa simu ili anyamaze, na hadithi haisimuliwi tena nyumbani.

Mstaafu wa Tabora

Ndugu Mkutubi, hayo uliyoyaweka mwishoni ndiyo yaliyostahili kutangulia. Mzazi anayemkabidhi mtoto simu ili yeye apate nafasi ya kupika ameutelekeza ulezi, na hakuna programu itakayouziba mwanya huo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kwamba mtoto asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Nimefundisha kwa ubao na chaki hadi nikastaafu, na watoto wangu walisoma. Tena huyo Musk, nasikia aliwapa watoto wa Tanga mamilioni ya dola. Ziko wapi?

Mama Wawili, Mbagala

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima yote, neno "kutelekeza" nalirudisha kwako. Mimi hufika nyumbani giza limeingia. Jiko langu ni la mkaa, liko sakafuni, na sufuria ya maharage inachemka umbali wa hatua mbili kutoka kwa mtoto wa miaka minne asiyetulia. Nikimkalisha kitandani na simu yenye hadithi ya sungura na fisi, ninamwepusha na maji ya moto, na wakati huohuo anasikia Kiswahili kilichopangwa vizuri. Ungependa nimfunge kamba?

Mwongozo unaoutaja ni wa Aprili 2019, nao unahusu watoto walio chini ya miaka mitano: chini ya miaka miwili skrini haishauriwi, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja, ikipungua ni bora zaidi. Haukumkataza mzazi, uliweka kipimo. Hadithi mbili wakati ugali unaiva hazifiki saa moja. Na mbona katika maneno yako yote baba hatajwi? Anayepika ndiye pekee aliyeshitakiwa.

Mstaafu wa Tabora

Marahaba mwanangu. Sikumlenga mama. Nimesema mzazi. Lakini bibi zetu nao walipika kwa kuni, wakasimulia hadithi huku wanakoroga, na hakuna mtoto aliyepewa kioo cha kutazama. Neno langu silifuti.

Binti Likoni

Mzee, bibi alipokuwa anakoroga, nyumbani walikuwamo shangazi, binamu na majirani wa kumzuia mtoto asilikaribie jiko. Dada wa Mbagala yuko peke yake chumbani. Tusimhukumu kwa kipimo cha nyumba ambayo hana.

Hata hivyo, mimi nina langu dhidi ya programu hizi, na ni zito kwangu. Kwetu Mombasa hadithi haianzi mpaka msimulizi aseme "Paukwa!" na watoto waitikie "Pakawa!". Mwitikio ule ndio unaoonyesha kwamba mtoto yuko macho na amekubali kusafiri pamoja na msimulizi. Programu niliyomfungulia mpwa wangu ilitamka "Paukwa!" na papo hapo ikajijibu yenyewe "Pakawa!", kisha ikaendelea. Mtoto alikwisha kufungua kinywa, akakifunga. Mtu aliyetengeneza kitu kile aliijua desturi, lakini hakumwachia mtoto nafasi ndani yake.

Mwalimu wa Handeni

Nimesubiri kwa sababu wanaozungumzia Tanga wengi hawako Tanga. Kwanza, Mzee wangu Mstaafu, fedha za shindano hazikuwa zawadi ya watoto. Zilikuwa dola milioni 15: timu tano zilizofika fainali zilipata dola milioni moja kila moja, na washindi wawili wakagawana dola milioni 10. Zilikwenda kwa watengenezaji. Sharti lililowabana ni kwamba programu zao ziwe wazi, ili mtu yeyote aweze kuzichukua, kuzibadili na kuzitumia bila malipo. Hapo ndipo penye faida yetu, na ndipo ambapo hatujachota vya kutosha.

Pili, Binti Likoni amegusa jambo ninalolishuhudia darasani. Baada ya sensa ya 2022 vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilielekezwa kwa walimu, nami nakitumia changu kuwasomea watoto hadithi. Nilipakua hadithi moja ya kigeni iliyofasiriwa. Ukurasa wake wa tatu ulikuwa na bwawa, na ukimgusa chura, analia na kuruka. Mtoto mmoja alimgusa chura, akamgusa tena, akaendelea kumgusa huku sauti ikisoma sentensi nzima kuhusu ndugu wawili waliopotea msituni. Nilipomuuliza nani amepotea, akajibu, "Chura." Nikafungua hadithi nyingine, ambayo picha yake inasogea kufuata maneno tu na kila neno linalosomwa linawaka rangi. Mtoto yuleyule alinisimulia yote, hata akaongeza na chumvi.

Hili limechunguzwa. Mwaka 2015 Zsofia Takacs, Elise Swart na Adriana Bus walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu vitabu vya watoto vya kielektroniki. Picha zinazosogea, muziki na sauti zinazoendana na hadithi zilisaidia uelewa na msamiati. Michezo na vitu vya kubofya vilivyopachikwa ndani ya hadithi havikusaidia, na viliwaumiza zaidi watoto wanaotoka katika mazingira magumu. Kwa hiyo mimi siulizi kama ni karatasi au kioo. Nauliza ni kioo cha namna gani.

Tatu, michezo ya mafumbo ya maneno. Mingi imeundwa kwa Kiingereza, kisha ikavikwa maneno yetu. Inampa mtoto herufi M, T, O, T, O zilizotawanyika, na kumtaka azipange. Mtoto wa darasa la kwanza katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anasoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mpe m, to, to, ataunganisha mara moja. Mpe herufi moja moja, atabahatisha hadi kengele ya ushindi ilie, na hatakuwa amesoma chochote.

Mama Wawili, Mbagala

Mwalimu, ahsante kwa habari ya silabi, nitaifanyia kazi. Lakini nilipo mimi tatizo ni jingine. Mwanangu mkubwa alipewa na shangazi yake mchezo wa mafumbo ya picha, na kila akikwama mchezo unamwambia anunue kidokezo. Akanunua. Salio lote la simu likaisha kabla sijajua, na siku iliyofuata nikakosa hata la kumpigia mteja. Hakuna nywila iliyoombwa, na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mtoto wa darasa la pili anabofya palipo na rangi. Mstaafu akija tena na "kutelekeza", aanze na aliyekiweka kitufe kile.

Mtunga Programu, Nairobi

Dada Mama Wawili, natengeneza programu, na nakuunga mkono bila kusita. Kitufe kile hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Katika michezo mingi ya bure fumbo fulani hufanywa gumu ghafla kuliko yaliyotangulia, ili mchezaji akwame akiwa amekwisha kunogewa, na hapohapo auziwe kidokezo au "uhai" mpya. Ndiyo biashara yenyewe. Mwezi Januari 2014 Apple ilikubaliana na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuwarudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5, kwa sababu watoto walikuwa wananunua vitu ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Wazazi wa huko walikuwa na tume ya kuwasemea. Wa kwetu analia na salio lake.

Naomba niongeze jambo ambalo nimelifikiria tangu niliposoma maneno ya Binti Likoni. Sisi tulikuwa na mchezo wa mafumbo, na ulikuwa na kidokezo chenye bei. Mtu husema "Kitendawili!", wengine wakajibu "Tega!", akatega. Wakishindwa, husema "Nipe mji." Wakimpa Bagamoyo au Kisumu, anaupokea, anasimulia alivyofika na alivyokirimiwa, kisha ndipo anafumbua. Aliyeshindwa analipa, lakini analipa kwa kutaja mahali anapopajua, na malipo yake yanazaa kisa kipya ambacho wote wanakisikia. Mtoto akishindwa mara nyingi ndivyo anavyozidi kutaja miji. Linganisheni na sarafu za manjano zinazouzwa kwa salio la mama. Ninaunda mchezo wa vitendawili unaosubiri: simu inasema "Kitendawili!" na haiendelei mpaka mtoto atamke au abofye "Tega!". Akikwama, anaombwa mji, anauchagua kwenye ramani, na sauti inamsimulia habari fupi ya mji ule kabla ya jibu. Hakuna cha kununua.

Binti Likoni

Kaka, hapo umenigusa. Ila usiweke miji mikubwa peke yake. Mtoto wa Kwale ataje Msambweni, naye wa Lamu ataje Faza, na wajisikie kwamba mji wao unatosha kulipa deni.

Mstaafu wa Tabora

Habari ya miji ni njema, na sina ugomvi nayo. Lakini kumbukeni kwamba mchezo ule ulichezwa na watu waliokaa pamoja. Mtoto aliye peke yake na simu anampa nani mji?

Mama Wawili, Mbagala

Ananipa mimi, mzee wangu, kwa sauti, huku nikikoroga.

Mkutubi wa Morogoro

Naona tumezungumza mengi ya maana, lakini swali la kamati bado halijajibiwa. Hakuna hata mmoja aliyegusa ile nusu ya watoto wa Tanga waliobaki bila kusoma neno. Tukinunua vishikwambi vichache kwa darasa la watoto themanini, kila mmoja atakishika kwa dakika ngapi? Kitabu hakihitaji chaji. Na wenzetu Kenya waliahidiwa kompyuta mpakato mwaka 2013, zikageuka vishikwambi vilivyoanza kugawiwa mwaka 2016. Ningependa watuambie vinatumikaje leo.

Mtunga Programu, Nairobi

Katika shule ninayoijua vimo stoo, chini ya kufuli, kwa hofu ya wezi na kwa kukosa mwalimu aliyefunzwa vya kutosha kuvitumia. Siwezi kuzisemea shule zote.

Mwalimu wa Handeni

Ndugu Mkutubi, na vitabu navyo hufungiwa. Nimewahi kuhamia shule nikakuta maboksi ya vitabu vya hadithi ndani ya kabati la ofisi, kurasa bado zimeshikana, kwa sababu mkuu aliyekuwapo aliogopa kwamba watoto wangevichana na mkaguzi angemdai. Kama kamati yenu haitamkubalia mtoto kukichakaza kitabu, msijisumbue kununua chochote.

Swali lako la dakika ni sahihi, na ndiyo sababu nisingegawa vishikwambi kwa watoto. Fedha zetu zingekuwa hivi, ningenunua vitabu kwa sehemu kubwa, na kifaa kimoja tu cha mwalimu chenye spika ya kusikika hadi dawati la nyuma. African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kupakuliwa, kuchapwa na hata kufasiriwa bila malipo. Hadithi moja waisikie kwenye kifaa, kisha waishike mkononi ikiwa karatasi, wakiisoma wawili wawili.

Mkutubi wa Morogoro

Hilo la kuchapa hatukulifikiria. Kuna duka la uchapaji karibu na stendi, nitauliza bei ya kurasa kumi na sita kabla ya kikao.

Mama Wawili, Mbagala

Mwalimu, hizo hadithi zikishapakuliwa zinafunguka bila bando? Na matangazo hayajitokezi katikati?

Mwalimu wa Handeni

Zinafunguka, dada yangu, na hazina matangazo. Zipakue mahali penye intaneti ya bure, kisha zima data kabla hujampa mtoto simu. Yule mkubwa mwekee nywila ya manunuzi leo hii, na usimtajie tarakimu zake.