Swichi inayokufa kila msimu kiwandani, Moshi: ninunue ya IP67 au tatizo liko kwingine?

FundiPasua (Moshi)

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninasimamia mtandao na kamera katika kiwanda cha kukoboa kahawa hapa Moshi, na naomba ushauri wa watu waliokwisha kufunga swichi mahali penye vumbi, joto na mtikisiko, kwa sababu mwenye kiwanda amekubali kutoa fedha safari hii na sitaki zipotelee pasipostahili.

Kutoka chumba cha seva ofisini hadi ghala la kufungashia, kwa njia inayopita kebo, ni kama mita 160. Kwa kuwa kebo ya shaba ya mtandao haitakiwi kuzidi mita 100, aliyejenga mtandao huu kabla yangu aliweka swichi ya kuunganishia katikati, kwenye nguzo iliyo jirani na mashine ya kukobolea. Kiwandani kote hakuna mahali pabaya kuliko nguzo hiyo. Inatikisika mashine ikiwaka, iko karibu na paa la bati, na unga wa maganda ya kahawa unaingia kila penye upenyo. Swichi yenyewe ni ya ofisini, yenye feni ndogo, na imewekwa ndani ya boksi la chuma lililotobolewa ubavuni ili lipate hewa. Nikifungua boksi hilo katikati ya msimu, nakuta unga umelala juu ya saketi kama blanketi, na mapanga ya feni yameota vumbi hadi hayazunguki sawasawa.

Swichi hiyo inabeba mizani ya kupokelea, kamera mbili na paneli ya kuendeshea mashine, pamoja na mawasiliano yote ya ghala. Dalili zake ni hizi: siku za jua kali huganda kati ya saa nane na saa kumi alasiri, idadi ya makosa ya CRC (data iliyoharibika njiani) kwenye poti hupanda kila mota kubwa inapowashwa, na swichi kadhaa zimewahi kufa hapo moja kwa moja umeme uliporudi baada ya kukatika. Nimeona swichi za viwandani za IP67 (haziingizi vumbi wala maji hata zikizama kwa muda mfupi), lakini bei yake inatisha. Je, hizo ndizo dawa?

MzeeWaPaneli (Njiro, Arusha)

Kijana, umeeleza vizuri, na maelezo yako yenyewe yana nusu ya majibu. Umetaja maradhi matatu, na swichi ya bei kubwa itatibu moja tu kati ya hayo. Kuganda alasiri ni joto. Makosa yanayopanda mota inapowashwa ni kelele za umeme zinazoingia kwenye kebo. Kufa umeme unaporudi ni mishtuko ya volti inayopita kwenye njia ya umeme, na pengine kwenye kebo ya mtandao pia. Ukinunua IP67 na kuifunga palepale, pamoja na kebo zilezile na soketi ileile, utakuwa umeondoa joto na vumbi na kuyaacha maradhi mengine mawili.

Nianze na joto, kwa sababu linahesabika. Swichi nyingi za ofisini zimetengenezwa kufanya kazi kati ya nyuzi 0 na 40 za Selsiasi. Swichi za viwandani zisizo na feni, zile zinazobanwa kwenye reli ya DIN (utepe wa chuma wa kubania vifaa ndani ya boksi) ya milimita 35, nyingi huvumilia kuanzia nyuzi 40 chini ya sifuri hadi 70 au 75. Sasa chukua boksi la chuma lililopakwa rangi, lenye upana na urefu wa sentimita 40 na kina cha sentimita 20, lililofungwa ukutani bila tundu hata moja. Pande zake zilizo wazi zina eneo la karibu mita 0.48 za mraba, na chuma cha namna hiyo hupitisha takribani wati 5.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kama swichi na pawa saplai yake vinatoa wati 20 za joto, ndani ya boksi patakuwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 7 hadi 8. Nje kukiwa na 35, ndani ni 43. Swichi ya ofisini imeshavuka mpaka wake. Ya viwandani haijafika hata karibu.

Kwa hiyo hayo matundu hayahitajiki. Ukiwa na swichi isiyo na feni, ziba kila kitu, tumia boksi la IP65 au IP66 (lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushiwa), na uache ukuta wa chuma uondoe joto wenyewe. Hapo swichi ya IP30 (isiyo na kinga ya vumbi laini wala maji), ambayo bei yake ni nafuu zaidi, inatosha kabisa. IP67 ina maana pale ambapo kifaa hakiwezi kukaa ndani ya boksi, au pale mashine inapooshwa kwa maji. Sijawahi kuona mtu anayeosha mashine ya kukobolea kahawa kwa maji.

Jambo moja nje ya mtandao: unga wa maganda makavu unashika moto. Usiuache ukalala juu ya boksi lolote lenye joto, la swichi au la mota.

DadaWaGreenhouse (Usa River)

Naunga mkono maneno ya mzee, ila naomba niongezee kuhusu hilo neno "ziba". Sisi kwenye mashamba ya maua vumbi si tatizo letu kubwa; letu ni unyevu na mvuke wa mbolea ya maji, na huko nimejifunza kwamba boksi la IP66 hubaki IP66 hadi fundi anapolitoboa. Kaka, kebo zote ziingie kwa chini, kila moja na glandi (kibanio cha kuziba tundu la kebo) yake ya ukubwa wake halisi. Glandi ya milimita 20 iliyobana kebo nyembamba kwa kuzungushiwa selotepu haizuii chochote. Tundu lisilotumika lizibwe kwa kizibo chake, si kwa karatasi. Kabla kebo haijapanda kuingia kwenye glandi, iache ishuke kidogo chini yake, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata kebo hadi ndani.

Boksi lililozibwa kabisa nalo lina hila yake. Mchana hewa ya ndani inatanuka, usiku inasinyaa na kuvuta hewa ya nje kupitia penye upenyo mdogo kuliko yote, na wakati wa masika hewa hiyo ina maji. Asubuhi unakuta matone kwenye mlango kwa ndani. Funga kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, kwa upande wa chini. Silika jeli inasaidia kwa muda, lakini ikishajaa unyevu ni mzigo tu, hivyo usiihesabu kuwa suluhisho.

Kisha kuna mijusi. Boksi lenye joto usiku linawapendeza sana, na mjusi mmoja akilala kati ya vituo viwili vya umeme, breka inaanguka na kila mtu anailaumu swichi. Glandi zikiwa sawasawa, hawaingii.

RelaiNaKontakta (Moshi)

Nakwenda moja kwa moja kwenye swali ambalo ndugu mwenye mada hakuliuliza: kwa nini swichi iwe kwenye nguzo hiyo? Iko pale kwa sababu moja tu, nayo ni kikomo cha mita 100 cha kebo ya shaba. Ukibadilisha shaba kuwa faiba (kebo ya kioo inayopitisha mwanga), sababu hiyo inakufa. Faiba ya OM3 (ya modi nyingi, ya masafa mafupi) kwa gigabiti 1 kwa sekunde inafika mita 550, na ile ya modi moja inafika kilomita 10 kwa moduli za LX (vipachiko vya masafa marefu vinavyochomekwa kwenye swichi na kugeuza umeme kuwa mwanga). Mita 160 kwake ni kama hakuna kitu. Faiba vilevile haisikii kelele za mota wala haiunganishi ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini) ya jengo moja na ya jingine, kwa hiyo inakutibu makosa ya CRC kwenye njia kuu na kukupunguzia njia ya mishtuko kwa wakati mmoja.

Mizani, kamera na paneli vitabaki vikihitaji swichi ya karibu, lakini si lazima iwe juu ya nguzo. Kama karani wa mizani ana chumba chenye mlango, weka boksi humo na uvute kebo fupi za shaba hadi kwenye vifaa. Kwa kebo hizo fupi tumia zenye ngao ya chuma, ziache umbali wa angalau sentimita 30 kutoka kebo za mota zinazoendeshwa na draivu (kidhibiti kasi cha mota), na zikilazimika kukatiza njia ya umeme zikatize kwa pembe mraba. Ngao iungwe vizuri kwenye ethi ndani ya boksi. Ngao inayoning'inia bila ethi ni mapambo.

Ukinunua faiba, chagua isiyo na chuma ndani na uipitishe kwenye bomba imara, kwa sababu panya wa ghalani hawachagui. Ile yenye koti la chuma ni ngumu kutafunwa, ila koti hilo nalo linahitaji ethi, vinginevyo umerudisha kwa dirishani ulichokitoa mlangoni. Angalia pia moduli za faiba zenyewe: za kawaida ni za nyuzi 0 hadi 70, za viwandani ni 40 chini ya sifuri hadi 85. Ni rahisi mtu kununua swichi ya viwandani halafu akachomeka humo moduli ya ofisini.

Kuhusu umeme, achana na adapta ya kuchomeka ukutani. Tumia pawa saplai ya viwandani ya reli, yenye kinga ya mishtuko mbele yake. Kama swichi ndiyo inayolisha kamera umeme kupitia kebo ya mtandao, chukua ya volti 48. Ya 24 haiwezi kulisha kamera isipokuwa swichi ina kipandisha volti ndani. Swichi nyingi za aina hii zina njia mbili za kuingiza umeme na kituo cha relai ya tahadhari. Unga relai hiyo kwenye taa nyekundu mezani kwa karani, naye atajua njia moja imekufa kabla mtandao haujakatika.

FundiPasua (Moshi)

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Ndugu RelaiNaKontakta, chumba cha karani kipo, kina mlango na dari, na kutoka kwenye nguzo hadi humo hakuzidi mita 20. Nashangaa hakuna aliyekifikiria tangu mwanzo.

Leo niliweka kipimajoto ndani ya boksi la nguzoni. Saa tisa alasiri kilisoma nyuzi 46 na mlango ukiwa umefungwa, pamoja na hayo matundu yote, maana vumbi limeyaziba.

Nina maswali mawili. La kwanza, muuzaji mmoja ananishauri nifunge mtandao wa duara, ili faiba ikikatika upande mmoja mawasiliano yapite upande wa pili. La pili, vijana wa zamu wamezoea kupuliza maboksi yote kwa hewa ya kompresa kila Jumamosi. Je, niwaache waendelee?

MzeeWaPaneli (Njiro, Arusha)

Marahaba. Nyuzi 46 kwa kifaa cha 40, halafu watu wanasema swichi ni mbovu.

Duara ni jambo zuri likiwa duara kweli. Itifaki (kanuni za mawasiliano) za kusimamia duara kama MRP hurejesha mawasiliano chini ya milisekunde 200 kwenye duara la vifaa hadi 50, na hata RSTP ya kawaida inatosha kwa mizani na kamera. Lakini kama faiba zote mbili zitapita kwenye bomba moja, jembe moja au panya mmoja atazikata zote pamoja. Kama huna njia ya pili inayozunguka upande mwingine wa jengo, fedha hiyo inunue swichi ya akiba. Na ukiamua kufunga duara, washa itifaki hiyo kwanza ndipo uchomeke kebo ya mwisho, la sivyo pakiti zitazunguka hadi mtandao wote usimame.

Hewa ya kompresa, kataa. Ina maji na mafuta, na msukumo wake unaupeleka unga ndani ya poti na kwenye vichwa vya faiba. Boksi lipanguswe kwa nje kwa vakyumu na kitambaa kikavu kabla halijafunguliwa, na lifunguliwe mara chache iwezekanavyo. Kama kila ukifungua unakuta vumbi, tafuta linapoingilia. Wafundishe pia vijana kwamba kabla ya kugusa chochote ndani, breka inashushwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo unakaa mfukoni mwa anayefanya kazi.

DadaWaGreenhouse (Usa River)

Kwenye matunzo mimi nategemea namba kuliko macho. Siku ya kwanza faiba ikiwa safi, andika kiwango cha mwanga kinachopokelewa kwenye kila moduli, kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga). Baada ya hapo, ukiona kimeshuka kwa 3, ujue nusu ya mwanga imepotea: safisha kichwa kwa kalamu yake ya kusafishia, na usikipulizie kwa mdomo. Fanya vivyo hivyo kwa makosa ya CRC. Yafute, kisha uyasome tena baada ya wiki moja ya kazi. Skrubu za vituo vya umeme na za ethi zikazwe upya kabla ya msimu, kwa sababu mtikisiko huzilegeza taratibu.

Ukiweka betri ya asidi ndani ya boksi lilelile, kumbuka kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Iweke chini, mbali na bati.

RelaiNaKontakta (Moshi)

Nami niongeze kuhusu hiyo swichi ya akiba. Ipakie mipangilio ileile na fimwea (programu ya ndani) ileile ya iliyo kazini, iwashe mezani siku nzima, halafu ihifadhi kwenye kabati la ofisini ikiwa na karatasi ya kuonyesha kila kebo inaingia poti gani. Nakala ya karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa boksi. Swichi ikifa saa nane usiku na malori yanasubiri kupimwa, mlinzi na karani wataweza kuibadilisha kwa kusoma, bila kukuamsha.

FundiPasua (Moshi)

Nimeelewa. Nitapeleka makadirio ya faiba, boksi moja la chumba cha karani na jingine la ghalani, swichi mbili za reli za IP30 pamoja na ya akiba, na pawa saplai za volti 48. Kazi nitaiomba ifanyike wakati wa masika, mashine zikiwa zimesimama, ili kabla kahawa mpya haijaanza kuingia niwe nimeona jinsi glandi zinavyohimili mvua. Mzee, kama una kipimo cha unene wa kebo ya ethi unachokitumia kutoka kwenye boksi hadi kwenye baa kuu, naomba uniwekee hapa.

MzeeWaPaneli (Njiro, Arusha)

Milimita 6 za mraba kwa boksi la ukubwa huo, ya rangi ya kijani na njano, fupi na iliyonyooka kadiri inavyowezekana. Usiizungushe koili ati ibaki akiba, kwa sababu koili huzuia mishtuko ya haraka isiende ardhini. Na mlango wa boksi nao uwe na waya wake wa ethi. Bawaba zenye rangi hazipitishi umeme.