Mjadala: Je, gitaa la bei ghali ndilo litakaloirudisha benga?

Mwanzisha mada (mpiga solo, Kisumu):
Ndugu wanamuziki, kila tukikutana hoja ni ileile: kinanda kimeisukuma pembeni benga, muziki wetu wa magitaa wa Waluo, kwa sababu magitaa yetu ni duni, na tukipata gitaa halisi la kampuni ya Fender na pedali za kutosha za kubadilisha sauti, mashabiki watarudi. Mimi napinga. Inaniuma kuona kijana akichukua mkopo wa chama anunue pedali ya tatu, na gitaa lenyewe nyuzi zimeota kutu.

Tuangalie kazi yenyewe. Katika benga, solo, yaani gitaa linaloongoza, humfuata mwimbaji na kumjibu, kisha maneno yakiisha inachukua uwanja wote. Mwendo huo umetoka kwenye nyatiti, chombo cha asili cha Waluo chenye nyuzi nane tu. Msikilizeni D.O. Misiani, gwiji wa benga, na bendi yake Shirati Jazz: noti fupi, kavu, kila moja inasikika peke yake na besi inarukaruka chini yake. Ukimwaga mwangwi wa pedali hapo, noti zinafunikana na mchezaji hajui akanyage wapi. Naye George Mukabi, aliyefariki 1963, alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa kidole gumba na cha shahada, chupa ya Fanta ikikwaruzwa kando kushika mdundo. Wanaopiga omutibo, mtindo wake huo wa gitaa, hadi leo wanautafuta mkono wake. Sijasikia anayeulizia gitaa lake lilikuwa la kampuni gani.

Sauti mbaya mara nyingi ina tiba rahisi. Piga uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti (kichuma cha shingoni) ya 12, katikati ya urefu wake. Upate sauti ileile, oktavu moja juu. Ikizidi hapo, chukua bisibisi urudishe nyuma kidogo kidaraja unachokalia uzi huo. Ikipungua, kisogeze mbele. Kebo nayo iwe fupi, maana ndefu humeza sauti za juu. Na ukimaliza kupiga, futa nyuzi, hasa sisi wa kando ya ziwa: jasho na unyevu hula chuma upesi.

Mpiga besi, Kakamega:
Omera, hapo kwa nyuzi nakuunga mkono, lakini usiwafunge vijana. Shingo ikishapinda, bisibisi haitakusaidia. Mtoto anajifunza na nyuzi zilizoinuka mbali na shingo, vidole vinatoka malengelenge, wiki mbili ameacha. Na amplifaya ndogo ukiisukuma hadi mwisho uwanjani, sauti inapasuka. Hiyo sauti safi unayoisifu utaitoa wapi?

Mpiga kinanda, Kondele:
Wazee wangu, mnazunguka. Mwenye sherehe anamlipa mtu mmoja wa kinanda na mwimbaji wake. Bendi ya benga inakuja na watu wanane, wote wale, wote wapate nauli. Fender itapunguza idadi hiyo?

Mwanzisha mada:
Ndugu wa Kakamega, kwa shingo na amplifaya umenishinda, nakubali. Amplifaya nzuri ni mali ya bendi nzima, inunuliwe kwanza. Ninachokataa ni mfuko wa bendi kulipia tamaa ya mpigaji mmoja aliyeona kifaa kwenye video. Anunue kwa pesa yake.

Wa Kondele, wewe ndiye umegusa kidonda. Bendi inakosa kazi kwa hesabu ya nauli na chakula, na hesabu hiyo hakuna duka la vyombo litakalotusaidia kuipiga. Ndiyo maana nataka pesa ilipie chumba cha mazoezi. Solo, rithimu, besi na ngoma wakiwa wameiva vizuri, watu wanne wanatosha kushikilia usiku mzima, na mwenye sherehe anaweza kuwalipa. Wanne wasiofanya mazoezi pamoja hawafiki saa sita, hata wakibeba pedali gunia zima.

Wenye bendi Siaya, Homa Bay na Busia, semeni: pesa ya shoo ikiingia, ya kwanza kabisa inakwenda wapi?