Ushauri: shemeji ana miaka 52, anataka kujiunga na jeshi la Ukraine kwa hiari

Mgeni_Poltava: Wakuu, shikamooni. Kaka wa mke wangu ni raia wa Ukraine, miaka 52, fundi wa malori ya dizeli, hajawahi kuvaa gwanda. Hataki kungoja aitwe. Anataka aende mwenyewe, ila achague pa kwenda. Ana presha na goti moja bovu. Aanzie wapi?

Spana17: Umri haumzuii, wanaume wanaitwa kuanzia miaka 25 hadi 60. Asiende tu TCC, ile ofisi ya uandikishaji, mikono mitupu. Atajaza pengo lolote lililopo siku hiyo. Kwanza atafute brigedi inayohitaji fundi. Tangu 2024 kuna vituo vya kuajiri wanajeshi, na brigedi nyingi zinatangaza nafasi kwa jina la kazi. Wakimkubali, aombe barua ya kikosi inayomtaka kwa jina, ndipo aipeleke TCC. Asome hapo palipoandikwa nafasi: kama ameahidiwa gereji na barua inasema mpiga bunduki, irudi ikarekebishwe kabla hajasaini. Alichoambiwa kwenye simu hakimo kwenye faili.

MamaKliniki: Bodi ya madaktari (VLK) haiendi kwa maneno. Abebe kadi ya kliniki ya presha, majibu ya picha ya goti, na karatasi za kulazwa zenye muhuri. Lile daraja la "anafaa kwa kiasi" lilifutwa 2024. Sasa kuna anayefaa, asiyefaa, na anayefaa kwa vikosi vya ugavi, tiba, mafunzo na kadhalika. Shemeji huenda akaangukia hapo, na kwa fundi si hasara hata kidogo. Wenye umri wake huficha maradhi wasikataliwe, halafu goti linagoma wiki ya pili ya mafunzo. Meno nayo ayatibu sasa.

Mgeni_Poltava: Asante dada. Mazoezi je?

Spana17: Mafunzo ya msingi ni mwezi na nusu hivi. Sahani mbili tu za fulana ya kuzuia risasi zinakaribia kilo 6, kabla ya helmeti, magazini na maji. Aanze na begi la kilo 8, kilomita 3, kwa kutembea. Aongeze kilo 2 kila wiki. Asikimbie na mzigo. Goti bovu huumia zaidi kwenye kushuka, kwa hiyo ngazi apande tu, kushuka atumie lifti.

Torniketi, ule mkanda wa kukaza mkono au mguu ili damu isimwagike, asinunue ya bei ya kutupa. Kwenye za bandia kile kijiti cha kukazia huvunjika ukifika mzunguko wa tatu, damu bado inatoka. Ajifunze kujifunga kwa mkono wowote ndani ya dakika moja, na kuandika saa aliyofunga.

Kibubu: Kuhusu pesa: nyuma ya mapigano ni kama hryvnia (pesa ya Ukraine) 20,000 kwa mwezi. Ile 100,000 ya nyongeza huhesabiwa kwa siku za mstari wa mbele tu, gereji isiipigie hesabu. Pia aandike ile karatasi ya kumtaja atakayelipwa hryvnia milioni 15 akifa. Asipoandika, sheria ndiyo inayogawa, na ndugu huanza kuvutana. Akifuatwa Telegram na wakala anayetaka ada, ambloku. Kujiandikisha hakulipiwi.

Mgeni_Poltava: Na akishaingia, anatoka lini?

Spana17: Tarehe hakuna. Mkataba ukiisha vita vikiendelea, huduma inaendelea. Mwambie hilo mbele ya mkewe, kabla ya barua.