Saa 3 ya Bibi na saa 3 ya king'amuzi

Kikundi: UKOO WA KIZOTA
Jumanne

[08:31] Bibi: Mbukwenyi wanangu. Mashine imerekodi Bunge usiku tukiwa tumelala. Nimetafuta Neema simwoni. Kuna mwanaume anauza masufuria.

[08:32] Baba Neema: Shikamoo mama. Bunge usiku? Kikao cha leo hata hakijaanza. Neema na wenzake wa shule wanaotembelea Bunge leo ndo wanashuka kwenye basi sasa hivi, mwalimu katuma picha.

[08:33] Mjomba Yona: Shikamoo mama. Tumaini, fungua orodha ya vilivyorekodiwa unisomee saa.

[08:34] Tumaini: Shikamoo mjomba. Imeandika 03:00 mpaka 06:00

[08:34] Mjomba Yona: Nani aliweka hizo saa?

[08:35] Tumaini: Bibi alisema Bunge saa 3 mpaka saa 6. Nikaweka saa 3 mpaka saa 6 🙈

[08:35] Bibi: Na ndiyo saa yake. Tumekosea nini?

[08:36] Mjomba Yona: Hujakosea mama. Sisi tunaanza kuhesabu kukipambazuka, king'amuzi kinaanza usiku wa manane. Saa 3 yako ya asubuhi kwake ni 09:00. Hiyo 03:00 ni saa 9 usiku. Angalia hata ujumbe huu, simu imeandika 08:36 na sasa hivi ni saa 2 na dakika 36.

[08:37] Bibi: Kumbe. Mimi tangu mwaka jana najua simu yangu mbovu.

[08:37] Shangazi Rehema: Si mnaongeza 6 tu jamani

[08:38] Mjomba Yona: Mchana ndio. Usiku unaongeza 18, taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni 20:00. Ukishavuka saa 6 usiku unatoa 6. Ila hayo baadaye, tuna dakika 22. Tumaini, flashi imebaki na nafasi kiasi gani?

[08:39] Tumaini: Mega 900. Yote imejaa masufuria

[08:39] Mjomba Yona: Futa. Hiyo chaneli ni ya HD, saa moja inaweza kula giga 2 na zaidi, na hiyo flashi ni ya giga 8.

[08:40] Shangazi Rehema: Flashi ipi hiyo

[08:40] Tumaini: Ile nyekundu ya kwenye droo

[08:40] Shangazi Rehema: YA KWAYA???

[08:41] Tumaini: King'amuzi kilisema hakiisomi mpaka kiiandae upya. Nikabonyeza OK. Samahani shangazi 😭

[08:43] Shangazi Rehema: [Ujumbe wa sauti, 2:47]

[08:44] Baba Neema: Rehema msamehe mtoto. Mbona Yona alirekodi fainali ya Kombe la Dunia 2002 juu ya mkanda wa kipaimara chako na bado mnasalimiana.

[08:44] Mjomba Yona: Brazil 2 Ujerumani 0, Ronaldo yote mawili. Ule mkanda haukuwa na jina.

[08:45] Shangazi Rehema: Uliandikwa KIPAIMARA kwa kalamu nyekundu. Na deki ilikuwa ya baba, ukaichezea mpaka ikaanza kutafuna mikanda.

[08:46] Mjomba Yona: Tumaini, achana na kupanga saa. Weka chaneli yenyewe, saa 3 kasoro dakika 2 bonyeza kitufe chenye duara jekundu. Alama ya REC ikitokea juu ya skrini, usiguse kitu.

[08:47] Baba Neema: Umeme je? Luku imebaki ngapi?

[08:49] Tumaini: 0.8

[08:49] Baba Neema: Mungu wangu.

[08:53] Baba Neema: Nimenunua, ingiza hizo namba haraka. Umeme ukikatika katikati hapo ndo basi tena.

[08:58] Tumaini: Imeingia. REC imewaka ✅

[09:02] Bibi: Wako kwenye dua. Sasa naweza kuangalia tamthilia yangu huku yenyewe inarekodi?

[09:03] Mjomba Yona: Hapana mama. Hicho kina tyuna moja. Kinachorekodiwa ndicho hichohicho mtakachoangalia. Ukibadili chaneli kitauliza kama kurekodi kusimame, na mtu akibonyeza OK kama alivyobonyeza kwenye kwaya, tumekwisha.

[09:04] Tumaini: Babu alishaanza kutafuta mpira wa marudio. Nimeikalia rimoti.

[09:20] Bibi: Maswali tu. Wageni lini?

[09:21] Baba Neema: Wageni wanatajwa maswali yakiisha. Shukuru leo si Alhamisi, wabunge wangetangulia kwanza kumuuliza Waziri Mkuu.

[10:24] Tumaini: WANATAJWA

[10:24] Tumaini: Shule ya Neema wamesimamaaa

[10:25] Bibi: Nimemwona mjukuu wangu! Wa pili kutoka ukutani. Anapunga mkono, mwalimu anaushusha, anapunga tena.

[10:25] Baba Neema: Nilimwambia asipunge 🤦🏾

[10:26] Shangazi Rehema: Nami nataka kuona. Wekeni hiyo flashi kwenye basi la Mwanza leo, mnisaidie na zabibu kidogo.

[10:28] Mjomba Yona: Zabibu zitafika salama. Flashi haitafunguka kwako. Hivi ving'amuzi vyetu vinafunga kilichorekodiwa, kinasomeka kwenye king'amuzi hichohicho tu. Tumaini asimamishe kurekodi, acheze kile kipande, akichukue kwa simu.

[10:41] Tumaini: [Video, 0:14]

[10:43] Shangazi Rehema: Naona kipara. Neema yuko wapi?

[10:43] Tumaini: Huyo ni Babu. Alisimama kupiga makofi

[10:44] Shangazi Rehema: Mwambieni akae, mchukue upya.

[10:47] Bibi: Nimemwambia. Anasema mrudishe nyuma kwanza, hajamaliza kupiga makofi.