Bakteria, virusi, fangasi si wote wadudu tu?

Mkorosho_Newala: Wakuu naombeni msaada, dogo wa fomu wani kaniuliza tofauti ya bakteria na virusi nikamwambia wote wadudu wasioonekana, kanicheka balaa. Na ule ugonjwa wa ubwiriunga wa mikorosho nao ni bakteria?

BintiTandahimba: Ubwiriunga ni fangasi kaka, ndo maana tunapuliza salfa. Seli ya fangasi ina kiini, yaani kile kifuko kinachotunza vinasaba, bakteria hana.

Babu_Mikindani: Virusi hata seli sio, mpaka aingie kwenye seli ya kiumbe hai ndo azaliane, na antibayotiki ni dawa ya bakteria, kwahiyo mafua ambayo ni ya virusi ukameza antibayotiki unachoma hela tu. Vimelea vya malaria sasa ni protozoa, viumbe vya seli moja ambao si bakteria wala fangasi, hao wana kiini.

Mkorosho_Newala: Duh kumbe. Na hamira?

BintiTandahimba: Fangasi pia, wa seli moja. Ndugu zake ndo wanachachusha mabibo yenu mnalewa 😂